Waridi la Ndani

Pale saluni walimwita Vidole, kwa sababu alisuka haraka kuliko mtu anavyomaliza kusimulia habari za jirani yake, na mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Wangeweza vilevile kumwita Kinyaa. Hakunywea kikombe cha mtu. Hakukalia kiti chenye joto la aliyetoka. Chanuo likidondoka sakafuni lilioshwa kwa sabuni mara mbili, na unywele ukionekana kwenye sahani yake, basi chakula kile kimekwisha, hata kama unywele ni wake mwenyewe. Mwenye saluni, mama mpole mnene aliyeitwa Mama Drayu kwa kuwa hakuruhusu mkono mwingine uguse drayu zake, mashine za kukaushia nywele, alikuwa akisema, "Tumbo la huyu lina wivu. Halitaki kitu kilichopita kwa mwingine."

Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa sita alipoanza kusikia harufu.

Ilikuwa mchana, saluni imejaa, naye amekaa kwenye kigoda nyuma ya mteja, magoti yameachana kidogo kwa sababu ya tumbo. Ikampanda puani ghafla. Shombo. Haikuwa ya samaki aliye jikoni, ilikuwa ya maji yaliyooshewa samaki yakasahauliwa kwenye beseni mpaka kesho yake. Akaacha kusuka. Akamtazama mteja kwa jicho la pembeni, akatazama sinki la kuoshea nywele, akaamua ni sinki. Alivaa glavu, akaingiza waya kwenye tundu, akavuta bonge la nywele lililoviringana na utelezi mweusi wa sabuni, refu kama mkia wa panya. Akalitupa huku amegeuza uso, kisha akamimina chupa nzima ya dawa ya kuulia vijidudu.

"Sinki halinuki, mwanangu," Mama Drayu alisema.

"Linanuka, mama. Nyinyi mmelizoea."

Akarudi kwenye kigoda, akakaa, na harufu ikakaa naye.

Alikuja kuijua nyumbani, bafuni, alipovua nguo. Chupi ilikuwa na doa pana la majimaji ya kijivu, kama maji ya wali yaliyochacha, na pale pale chumba kizima kikajaa ile shombo ya saluni. Alibaki amesimama uchi, mkono mmoja ukutani, akipumua kwa mdomo. Maisha yake yote kinyaa kilikuwa cha vitu vya wengine. Sasa kilikuwa chake, kimetoka kwake, na hapakuwa na mahali pa kukikimbilia. Ile nguo aliishika kwa ncha ya mswaki wa zamani, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akautia ndani ya mfuko mwingine.

Jambo alilolifanya baada ya hapo ndilo alilokuwa akilifanya kwa miezi miwili tayari. Alichukua chupa ya Waridi la Ndani.

Chupa zile alizileta wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwaka mmoja kabla. Maji ya rangi ya waridi, kibandiko chenye ua, harufu kali tamu inayokwangua koo. "Ya kuoshea huko kwetu," wifi alisema kwa kunong'ona, ingawa walikuwa wawili tu chumbani. "Ndani kabisa, si juu juu. Unavuta kwa bomba la mpira, unasukuma, unahesabu mpaka ishirini, unaachia. Mwanamke anatoka kama kafunguliwa leo kwenye karatasi." Akamwachia katoni nzima aiweke saluni, chini ya beseni la taulo, pasipoonekana na wanaume wanaokuja kunyoa ndevu.

Wifi alimfundisha na namna ya kuuza. "Usitangaze. Hii haiuzwi kwa kutangaza. Wakati unamsuka, mwinamie sikioni kama dada yake. Mwambie, samahani mpenzi, usinichukie, lakini leo kuna kaharufu. Basi. Atachukua mbili."

Na kweli walichukua mbili. Hakuna mwanamke aliyebisha. Hakuna aliyemgeukia aliye jirani kumuuliza kama ni kweli. Walinywea, wakatoa mkoba. Mwanzoni Vidole alimwambia yule tu aliyeonekana ametoka kazi ya jasho. Baadaye alimwambia yeyote, kwa sababu aligundua kwamba harufu haikuhitaji kuwepo. Ilihitaji kutajwa tu.

Alipopata mimba, wifi akampa na yeye chupa zake. "Mimba inachafua," alisema. "Mtoto apite njia safi." Kuanzia mwezi wa nne Vidole akawa anajiosha ndani mara moja kwa wiki. Sasa, baada ya ile jioni ya bafuni, akawa anajiosha kila siku, kisha asubuhi na jioni. Kila alipoosha, kwa saa tatu alinukia kama sabuni ya hotelini. Halafu shombo ikarudi, na kila ilivyorudi ilirudi na nguvu mpya. Akaosha zaidi. Alianza kuungua akienda haja ndogo. Akapita duka la dawa, akanunua bila cheti vidonge vya rangi mbili alivyovisikia kwa wateja, akavimeza siku tano. Siku ya sita alianza kuwashwa, muwasho wa kumfanya abane mapaja huku akisuka na kuuma shavu kwa ndani, na majimaji yakageuka mazito, meupe, mabongemabonge kama maziwa yaliyokatika. Kwa hiyo maziwa nayo akaacha kuyanywa. Hakuweza hata kuyatazama.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa utani, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Vidole akawa analala ukingoni mwa kitanda, amejiviringisha shuka kama mandazi kwenye gazeti. Akiguswa, anasogea. Akiulizwa, anasema mgongo.

"Mgongo wako umehamia mbali," mumewe alisema asubuhi moja akifunga kamba za viatu. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ni mtoto?"

"Nimesema mgongo."

Angemwambia nini? Kwamba anajionea kinyaa mwenyewe? Kwamba saluni anakaa karibu na mlango ili upepo upite? Kliniki alikokwenda kila mwezi, mkunga alimuuliza, kama anavyowauliza wote, kama kuna majimaji yasiyo ya kawaida, muwasho, maumivu. Vidole akajibu, "Sina tatizo," miguu ameibana, na kabla ya kwenda alikuwa amejimiminia nusu chupa.

Katika wateja wake alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtaratibu, mwembamba, anayezungumza kama anasahihisha madaftari. Wote wawili walikuwa wajawazito, Mwalimu akitangulia kwa wiki chache, na hilo lilikuwa limewafanya kama ndugu. Kila baada ya wiki tatu Mwalimu alikuja kusukwa, na kila alipokuja alibeba chupa mbili. Alikuwa amezinunua mara ya kwanza kwa njia ileile. Vidole alimwinamia sikioni, akamwambia ile sentensi, akaongeza na yake: "Hata mimi natumia, si unaniona?"

Siku ile Mwalimu alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama brashi. Alikuwa akilalamika kwamba tangu asubuhi kiuno kinamvuta. Katikati ya sentensi akanyamaza. Akasema kwa sauti ndogo, ya kustaajabu, "Nimejikojolea."

Haukuwa mkojo. Maji yalitoka kwenye kiti, yakashuka kwenye mguu wa chuma, yakasambaa kwenye sakafu katikati ya nywele zilizokatwa, yakazibeba. Yalikuwa ya uvuguvugu, na yalikuwa yananuka. Vidole aliijua harufu ile. Alikuwa akiamka nayo na kulala nayo. Akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni, na kwa muda mfupi ambao baadaye alitamani uondolewe katika maisha yake, alichomwonea yule mwanamke kilikuwa kinyaa tu, huruma haikuwepo. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, naye alikuwa anafikiria viatu.

Mama Drayu ndiye aliyepiga magoti kwenye maji yale na gauni lake zuri. "Una wiki ngapi?"

"Thelathini na moja," Mwalimu alisema. "Bado. Bado kabisa."

Wakampeleka. Kwa kuwa ndiye msusi wake, na kwa kuwa Mama Drayu alimsukuma kwa kiwiko, Vidole alipanda gari pamoja naye, amemshika mkono, akitazama dirishani.

Hospitali ileile ndiyo waliyokuwa wakienda kliniki, na mkunga alikuwa yuleyule, mwanamke mfupi wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti isiyopanda. Alimpokea Mwalimu, akavuta pazia, na Vidole akabaki upande wa pili, akisikia kila kitu. Alimsikia mkunga akiagiza sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto. Akamsikia akiuliza maswali, moja baada ya jingine, bila haraka na bila ukali. Homa ilianza lini? Kabla ya leo kulikuwa na majimaji yenye harufu? Kwa muda gani? Ulimwambia nani?

"Nilikuwa najisafisha," Mwalimu alisema. "Kuna dawa ya kuoshea. Ndani."

"Ya wapi?"

Mwalimu akashusha sauti, akasema, "Pale ninaposukwa."

Mkunga akafungua pazia, akamkuta Vidole amesimama ukutani.

"Wewe ndiye unayemsuka?"

"Ndiyo."

"Hiyo dawa unaijua?"

"Siijui," Vidole alisema. Uongo ulitoka wenyewe, laini, umekamilika.

Mkunga alimtazama tumboni, akamtazama usoni, kisha akavuta pumzi puani mara moja, polepole, kama mpishi anayesikiliza sufuria. "Njoo chumba cha pili," alisema. "Na wewe nikuangalie."

Vidole alipanda kitanda cha kupimia na aibu inayomtoa machozi. Alifumba macho akisubiri ile sauti ambayo watu huitoa, ule mguno wa puani, uso unaogeuka. Angekuwa yeye angegeuka. Alisikia glavu zikivutwa, alihisi baridi ya kifaa, akasikia kijiti cha pamba kikitoka na kupakwa kwenye kioo cha maabara. Mguno haukuja. Mkunga aliinama kati ya mapaja yake kwenye uvundo ule akifanya kazi kama mtu anayesoma barua.

"Kumechubuka," alisema. "Ni kwekundu kote. Unaosha na nini?"

Vidole akamwambia. Alimwambia yote, macho yamefumbwa bado. Bomba la mpira, kuhesabu ishirini, asubuhi na jioni, vidonge vya rangi mbili. Alipofika penye chini ya beseni la taulo akasita, kisha akasema na hilo.

Mkunga alivua glavu, akamsaidia kukaa, akavuta kiti. Majibu ya kioo yaliporudi kutoka maabara alikuwa bado amekaa hapo.

"Mambo ni mawili," alisema. "Hii shombo ni ya vijidudu vinavyokaa humo siku zote, vichache vichache. Vinazuiwa na wengine, wema, wanaofanya mahali pale pawe na uchachu kidogo. Hao wema ndio walinzi. Wewe umewamwagia dawa ukawafukuza, wabaya wakapata nyumba. Unasikia harufu, unaosha tena, unawafukuza wachache waliosalia. Hii nyeupe ni fangasi. Mimba yenyewe inaipa nafasi, na vile vidonge ulivyojinunulia vimemalizia. Sukari yako tutaipima leo, maana sukari ikipanda nayo inailea fangasi."

"Kwa hiyo ni uchafu wangu."

"Hujawahi kuwa mchafu. Mle ndani panajisafisha penyewe. Nje, maji matupu yanatosha." Akachukua kalamu. "Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Mumeo ana mtu mwingine, unavyojua?"

"Hana. Hata muda hana."

"Nauliza kila mtu. Usikasirike."

Vidole alikuwa anatazama pazia lililokuwa mbele ya mlango. "Mwalimu," alisema. "Chupa yake ya uzazi imepasuka kwa sababu ya hiyo dawa?"

"Siwezi kukuapia. Wapo ambao chupa ya uzazi hupasuka mapema na hatujui ni kwa nini. Lakini vijidudu hivi vikiachwa, vinaweza kupanda juu, vikalainisha ngozi inayoshika maji, na uchungu ukaja kabla ya wakati. Ndiyo maana nauliza kila mwezi. Wewe nilikuuliza mara tatu."

"Nilisema sina tatizo."

"Wengi wanasema hivyo." Mkunga akaandika dawa, vidonge vya kumeza vya siku saba na vingine vya kuweka ukeni kwa wiki moja, akamweleza kila kimoja kwa kidole. "Na usimwage chupa zilizobaki. Niletee moja. Nataka bwana afya aione."

Alitoka hospitali akiwa amepungukiwa na kitu kizito na ameongezewa kingine. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wifi.

Wifi aliishi nyumba ya vyumba viwili yenye ua nyuma, na nyuma ya ua kuna stoo ya mabati ambayo Vidole hakuwahi kuingia. Dawa ilikuwa ikija imeshafungwa. Siku ile alimkosa sebuleni, akafuata harufu tamu mpaka stoo, na mlango ulikuwa wazi.

Palikuwa na pipa la plastiki la buluu, lile la kuuzia asidi ya kusugulia vigae, alama ya fuvu bado haijafutika ubavuni. Wifi alikuwa ameinama juu yake akikoroga kwa mpini wa fagio. Pembeni kulikuwa na gunia la sabuni ya unga, dumu la manukato ya kupigia deki, paketi za rangi ya keki na bonge la shabu ya kukazia ngozi lililopondwa nusu. Kwenye beseni zilikuwa zinaogea chupa, si mpya, za dawa ya kikohozi, za mafuta ya nywele, baadhi na vibandiko vya wagonjwa visivyong'oka, katika maji ya kijivu yenye utando juu. Mende wawili walikuwa wamekufa kwenye utando huo, miguu juu. Ndani ya pipa, kandokando ya usawa wa maji, ukuta ulikuwa na utelezi mzito wa rangi ya waridi uliokuwa ukitikisika kila fimbo inapopita, kama kamasi.

"Karibu, wifi yangu," wifi alisema bila kugeuka. "Umekuja wakati mzuri, nakuongezea katoni." Akatazama ndani ya pipa, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mjusi. Alikuwa amevimba, mweupe, amelegea kama kipande cha sabuni. Wifi alimtupa uani, akajifuta mkono kwenye gauni, akacheka. "Unaona inavyoua wadudu. Hata huyu hakupona."

Vidole alitapika. Hakuwahi kufika mlangoni. Alitapika hapo hapo, ameshika ukingo wa gunia, mtoto akipiga mateke. Na kila alipodhani amemaliza, alikumbuka kwamba kitu kile kimekuwa ndani yake, asubuhi na jioni, kwa kuhesabu mpaka ishirini, akaanza upya.

Wifi alimletea maji. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa moyo, alikuwa amemlea mume wa Vidole tangu mama yao afe, na alimshika paji la uso kama mama. "Mimba hizi," alisema. "Kaa chini."

Vidole akautoa mkono ule usoni kwake. "Mwalimu chupa ya uzazi imepasuka. Miezi saba. Hospitali wanasema hii inaumiza."

"Hospitali wanasema kila kitu kinaumiza. Wanawake wangapi wametumia?"

"Nimewauzia mimi. Najua ni wangapi."

"Basi kama umewauzia wewe," wifi alisema kwa utulivu, "unamnyooshea nani kidole? Mimi sijamwambia mwanamke yeyote ananuka. Mimi nakoroga tu. Mdomo ni wako."

Vidole alichukua chupa moja kutoka kwenye safu ya zilizofungwa, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaondoka nayo kwenda kwa mkunga. Njiani alinusa mikono yake, na ilinukia waridi.

Jioni alimwambia mumewe. Alimwambia yote akiwa amesimama, na mumewe amekaa kwenye ngazi, buti za kazi bado miguuni. Alipomaliza, mumewe alifungua kamba ya buti moja.

"Ndiyo mgongo," alisema.

"Ndiyo mgongo."

"Ungeniambia tu. Mimi nashinda na mafuta ya gari na jasho la wanaume kumi. Ningekimbia nini?" Halafu uso ukasawijika. "Na dada, je?"

"Chupa nimeipeleka kwa mkunga."

Mumewe alienda kuoga, akakaa huko muda mrefu.

Mtoto wa Mwalimu alizaliwa kesho yake, wa kiume, uzito wa pakiti moja na nusu ya sukari ya kilo. Alikuwa hai. Aliwekwa kwenye chumba cha joto na mirija puani, na hakuna aliyeahidi chochote. Siku ya tatu Vidole alipiga moyo konde akaenda wodini. Alimkuta Mwalimu amekaa kitandani na kile kichwa chake, nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukikumbuka.

Vidole alikuwa amejipanga kusema mengi. Alimweleza habari za pipa, za sabuni na asidi, za beseni la chupa. Mjusi hakumtaja. Mwalimu alisikiliza akimtazama kama anavyomtazama mtoto anayesoma kwa kubahatisha.

"Nina swali moja," alisema. "Siku ile ya kwanza. Ulisema nina harufu. Nilikuwa nayo?"

Vidole alijua kwamba kuna jibu linaloweza kumwokoa. Kidogo, angeweza kusema. Sikumbuki.

"Hukuwa nayo," alisema. "Ulikuwa unanukia chaki."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kumwita akamue maziwa. Alipoinuka alisema, bila kumtazama, "Miezi mitatu nimelala na mume wangu huku nimebana pumzi. Nilikuwa nadhani ni yeye tu mwema, anavumilia." Akavaa kandambili. "Nyoosha mkono, nishuke." Vidole akanyoosha, akamshusha, na Mwalimu alipofika chini akauachia mkono kama kitu cha moto.

Bwana afya alikwenda kwa wifi na askari mmoja, akapiga picha, akamwaga pipa, na katoni ya saluni akaibeba. Majirani walisema mtaro ulitoa povu la waridi siku mbili. Wifi aliandikiwa karatasi ya kwenda kujieleza, akapigiwa kelele na watu aliokuwa akiwauzia, na baada ya hapo hakumsemesha Vidole. Kwa ndugu wengine alimwita yule muuaji wa riziki.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya Vidole. Mama Drayu alimwambia, "Uliwaambia mmojammoja, wafuate mmojammoja." Kwa hiyo kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake, kama alikuwa mmoja wa wale, Vidole alimwinamia sikioni kama zamani. "Siku ile nilikuambia unanuka. Nilisema uongo. Kile nilichokuuzia usikitumie tena, na kama una muwasho au majimaji nenda hospitali, na kama una mimba nenda leo." Mmoja alimpiga kofi, kisha akakaa amaliziwe nywele, kwa kuwa zilikuwa zimefika katikati. Mwingine alicheka mpaka akalia. Mama mmoja wa makamo alisema, "Mwaka mzima mume wangu alikuwa akiniambia sina harufu, nikamwona hamnazo." Na msichana mmoja, ambaye harusi yake ilikuwa wiki mbili mbele, alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku, akanong'ona, "Lakini hata moja haikubaki?"

Kinyaa kilichompata Vidole mbele ya swali lile kilikuwa kikubwa kuliko cha mjusi. Alijiona yeye mwenyewe ndani ya macho ya yule binti, kazi yake nzuri, iliyoshika barabara, iliyonyooka kama mistari yake ya nywele. Alimshika mabega. "Haikubaki," alisema. "Na ukipewa na mwingine, usipokee. Kaa nikueleze tangu mwanzo." Akamsuka kwa saa tatu, polepole, na saa zote tatu alikuwa anaeleza.

Dawa za mkunga zilimfaa. Shombo iliondoka wiki ya kwanza, muwasho wiki ya pili, na alipopimwa tena kioo kilikuwa safi. Sukari haikuwa na neno. Muda mrefu baada ya hapo alikuwa bado ananusa nguo zake akizivua, akikunja uso kabla hajasikia kitu. Mkunga alimwambia hilo halina kidonge.

Mtoto wa Mwalimu alikaa wiki sita hospitalini, akatoka, mdogo, mwenye macho makubwa. Mwalimu alihamia saluni nyingine. Wakikutana njiani anaitikia salamu, hasimami.

Vidole alijifungua wiki ya thelathini na nane, mtoto wa kike mwenye sauti ya ugomvi. Siku ya nne mumewe aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akachezea kona ya shuka kwa vidole vyake vyenye makovu.

"Dada ametuma mtu," alisema. "Anauliza kama anaweza kuja kumwona mtoto."

Vidole alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya, kisha akamtazama mumewe, aliyelelewa na mikono ile.

"Mwambie aje," alisema. "Chai nitampa. Mtoto sitampa."

Mumewe alirudisha kona ya shuka mahali pake, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia yule aliyetumwa.